Maziwa ya Nyumbani

Mtaa mzima ulimwita Mama Tatu, na mgeni aliyelisikia jina hilo alidhani ana watoto watatu. Alikuwa naye mmoja tu, binti, aliyemlea kama yai. Jina lilitokana na sufuria. Kila asubuhi, maziwa yakishakamuliwa na kuchujwa kwa kitambaa cheupe, aliyabandika jikoni na kusimama juu yake kama askari wa zamu. Yakipanda hadi ukingoni, aliyateremsha. Yakitulia, aliyarudisha. Yakapanda tena, akateremsha tena. Yalipopanda mara ya tatu ndipo alipofungua dirisha la jikoni lililotazamana na kichochoro, akasema, "Haya, leteni vyombo."

Wateja walikuwa wamekwisha jipanga, kila mmoja na chake: ndoo ndogo, birika, chupa ya plastiki iliyokatwa shingo. Wa kwanza siku zote alikuwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, mtu asiyeweza kuanza siku bila kuchokoza.

"Mama Tatu, haya maziwa unayachemsha au unayahukumu? Yamekosa nini mpaka yaadhibiwe mara tatu?"

"Yamekosa kukubali kuingia tumboni mwako, mwalimu. Leta chombo."

Akampimia, na juu ya kipimo akaongeza tone la nyongeza, kama alivyomwongezea kila mtu. Kwa usafi, kwa kipimo na kwa nyongeza yake hakuna aliyewahi kumsema vibaya, na katika mtaa ule wenye midomo hilo si jambo dogo. Alifiwa na mume binti akiwa darasa la pili, akaachwa na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba na ulimi mkali. Kwa mali hizo mbili alimlea mtoto mpaka akawa mtu.

Kuchemsha huko hakukuanza kwa imani. Miaka ishirini hivi nyuma mtaa ulikumbwa na ugonjwa wa matumbo, na bwana afya akapita nyumba kwa nyumba na daftari kwapani, akawaamuru wauza maziwa wote wachemshe. Wenzake walichemsha siku alizopita bwana afya. Akigeuka, nao waligeuka. Mama Tatu alitii, tena akapitiliza, maana alikuwa mtu wa kulifanya jambo mpaka liombe msamaha. Lakini ukimuuliza ya moyoni, angekuambia aliyoyaamini marehemu mama yake: moto unaua nguvu ya maziwa. Watu wa nje wana matumbo mepesi, basi wacha wanywe yaliyokwisha kufa.

Ushahidi alikuwa nao. Binti yake alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba jirani mmoja alichungulia kwenye kanga akauliza mtoto yuko wapi. Alipoachishwa ziwa alikataa uji, akakataa ndizi, akabaki macho na masikio. Ndipo bibi yake alipochukua kikombe, akaenda bandani, akamkamulia maziwa yakatoka na povu na joto lake, akamnywesha pale pale mlangoni. Mtoto akanywa. Akaomba mengine. Baada ya miezi miwili alikuwa na mashavu. Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na maziwa ya aina mbili. Ya watu yaliingia sufuriani. Ya nyumbani yaliingia moja kwa moja kwenye chupa ya chai nyekundu, yenye ua ubavuni na kifuniko kilichofungwa kwa uzi, yakiwa bado na joto la kiwele.

"Ya nyumbani" ndivyo alivyoyaita, ingawa yeye mwenyewe hakunywa maziwa kabisa. Akinywa hata nusu kikombe tumbo lilimnguruma kama pikipiki mbovu. Nyumbani maana yake ilikuwa binti. Na binti alipoolewa na fundi wa kuchomelea, akahamia kwa mumewe mitaa miwili mbele, neno nalo lilihama naye. Kila asubuhi, dirisha likishafungwa, Mama Tatu alijitanda kanga, akaweka chupa nyekundu kwenye kikapu, akashika njia.

"Ya nyumbani hayo," alisema, akiitua chupa kwenye meza ya cherehani, maana binti alikuwa mshonaji na meza hiyo ndiyo ilikuwa sebule, ofisi na kila kitu.

Binti alimimina, akanywa, akajifuta mdomo. Hakuwahi kuuliza kama yamechemshwa. Yalikuwa na joto, yalitoka kwa Mama Tatu, na hiyo ndiyo ladha ya maziwa aliyoijua tangu apate akili. Mwenye jina kama lile ataulizwa nini? Naye mama hakuwahi kumwambia. Si kwamba alificha. Mapenzi yake hayakuwa na mazoea ya kujieleza.

Mwaka wa harusi ile Mama Tatu aliongeza ng'ombe wa tatu, jike jekundu kutoka mnadani, mwenye mimba tayari na kiwele cha kujivunia. Kwa kuwa alikuja mwaka mmoja na mkwe, akampa jina hilo hilo: Mkwe. Basi ikawa kichekesho cha kila siku. "Mkwe kala?" "Mkwe kapiga teke ndoo." Fundi wa kuchomelea, kijana mpole mwenye alama za cheche mikononi, alikuwa akisikia akiitwa, anaitika, kumbe anaitwa ng'ombe.

"Mama, angalau mngenipa majani na mimi," alisema, na mke wake akacheka mpaka akashika mbavu.

Mkwe, yule wa bandani, hakufikisha siku zake. Mimba ilipokuwa na miezi saba aliitupa, asubuhi moja ya mvua. Mama Tatu alimkuta amesimama akitetemeka, kondo likining'inia. Akapandisha mikono ya gauni mpaka mabegani, akaingiza mkono mtupu, akatoa vyote taratibu, kama mama yake alivyomfundisha. Alichimba shimo nyuma ya banda, akafukia. Akanawa kwa sabuni ya kufulia. "Safari ya mnadani imemchosha," aliwaambia wateja, na siku chache baadaye maziwa yalipotoka, akaanza kumkamua. Yalikuwa mazito na matamu kuliko ya wenzake wawili, Kidoti na Bikizee. Mazito na matamu, yaende wapi kama si kwenye chupa nyekundu?

Mwezi wa nne baada ya hapo, binti akaharibikiwa mimba yake ya kwanza, changa, ya miezi mitatu.

Kiswahili kina adabu zake. Ng'ombe hutupa mimba, mwanamke huharibikiwa. Hakuna mwenye haya atakayesema mwanamke ametupa, kana kwamba alishika kitu akakirusha. Ni adabu nzuri, siitukani. Lakini maneno mawili yakikaa mbalimbali kwa miaka mingi, watu husahau kuyasogeza yakaonana. Mama Tatu alisema "Mkwe katupa" mlangoni pa banda, akasema "mwanangu kaharibikiwa" mlangoni pa zahanati, na hakuna siku aliyoyasema yote mawili kwa pumzi moja. Nani angeyaunganisha? Daktari wa watu hakuuliza habari za ng'ombe, na wa ng'ombe hakuuliza habari za binti.

"Mwili wako hauna nguvu," mama alimwambia binti. Akanunua chupa kubwa zaidi, nyekundu ile ile, ua lile lile.

Mwaka uliofuata ikaharibika ya pili, ya miezi minne. Safari hii binti alikaa siku tisa bila kugusa cherehani. Mama alikwenda asubuhi na jioni, akamnywesha kwa mkono wake, akimwambia anywe tu, anywe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia. Hawakusema kwamba wakati mwingine hicho kikulacho umemiminiwa kikombeni na mtu anayekulilia.

Mimba ya tatu ilipoingia hawakumwambia mtu. Ikapita miezi mitatu. Ikapita minne, na fundi wa kuchomelea akaanza kutembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mwezi wa tano tumbo likaonekana, na Mama Tatu, akitafuta mkasi siku moja kwenye mtoto wa meza ya cherehani, alikuta chini ya vifungo na riboni vijigauni vinne vimekunjwa, vidogo kama vya mwanasesere, vimeshonwa kwa vipande vya vitambaa vya wateja. Alivirudisha kama alivyovikuta, akatafuta mkasi kwingine. Njiani akirudi alijikuta anacheka peke yake, na mwenye duka la kona akamwuliza amepata nini.

"Bado," akajibu. "Lakini anakuja."

Kitu kimoja tu kilimkera: homa za binti. Zilikuja jioni, zikaondoka asubuhi zikiwa zimeloanisha shuka. Mgongo ulimuuma. Zahanati walisema malaria, wakatibu malaria. Homa ikarudi. Wakasema taifodi, wakaandika taifodi kwenye kadi, na Mama Tatu alifarijika kidogo, kwa sababu ugonjwa ukishapata jina mtu huona kama umekamatwa. Yeye mwenyewe magoti yalikuwa yakimuuma mwaka wa pili sasa na mgongo ukimtoka jasho bila kazi. Aliita uzee, akaendelea na shughuli.

Ndipo Kidoti naye alipotupa. Ng'ombe mmoja ni bahati mbaya. Wawili ni neno. Mama Tatu akamwita daktari wa mifugo. Alikuja kijana mrefu mwenye buti nyeupe za mpira zilizomfika magotini, buti ambazo kwa ajili yake mtaa ulikuwa umekwisha mbatiza Mabuti. Alivaa glavu ndefu, akatazama, akatoa damu ya ng'ombe wote watatu kwenye vichupa, akaagiza kilichotupwa kifukiwe shimo refu lenye chokaa. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na fomu gotini.

"Mama, nadhani ni brusela. Ugonjwa wa kutupa mimba. Majibu yatatoka baada ya wiki mbili, lakini dalili zake hizi ninazijua. Unawaingia na watu, kwa mikono kama hivi unavyowazalisha bila glavu, na kwa maziwa mabichi. Homa za jioni, jasho, maungo kuuma." Akapiga kalamu kwenye fomu. "Hapa nyumbani kuna anayekunywa maziwa mabichi?"

Mama Tatu alijiona ametukanwa nyumbani kwake. "Kijana, wewe mgeni hapa? Mimi naitwa nani?"

"Mama Tatu," akasema Mabuti, akitabasamu.

"Basi umejijibu. Hapa nyumbani hakuna anayekunywa mabichi hata mmoja."

"Na mjamzito?"

"Hapa? Labda mimi, kwa miaka yangu hii sitini na miwili."

Mabuti akacheka, akaandika hapana, akaandika hapana, akakunja fomu. Kweli tupu alikuwa ameandika. Nyumba ile alikuwamo mwanamke mmoja asiyekunywa maziwa ya namna yoyote. Swali lilikuwa zuri, lilipungua mitaa miwili tu.

Lakini nisimtetee mno. Maneno ya kijana hayakumwacha salama. Asubuhi ya pili yake, akiwa amekwisha mimina maziwa ya Mkwe kwenye chupa nyekundu, alisimama nayo mlangoni. Homa za jioni, alisema yule kijana. Jasho. Akarudi jikoni, akayamimina kwenye sufuria ndogo, akabandika. Alisimama akiyatazama yakianza kujikunja pembeni. Akilini akamwona bibi yake binti mlangoni pa banda na kikombe chenye povu, akaona mtoto wa macho na masikio anapata mashavu. Ya binti ni taifodi, akajiambia, imeandikwa kwenye kadi, na miezi ni mitano na nusu, na mtoto tumboni anataka nguvu. Akayaepua kabla hayajapanda hata mara moja, yakiwa na joto la kuweza kushika kwa kidole, akayarudisha kwenye chupa, akafunga uzi. Alikwenda nayo siku hiyo, na siku kumi na moja zilizofuata.

Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, mkwe alimjia mbio, yule wa cheche, miwani ya kuchomelea ikiwa bado imepandishwa kwenye paji la uso. "Mama, damu," alisema, na mama alikuwa amekwisha simama.

Hospitali iliwapokea upesi, hawakuwa na la kuwalaumu. Mtoto alitoka bila pumzi, wa kiume. Damu haikukata. Jua lilipokuwa linashuka daktari alitoka akawaambia kwamba ili wambakize mama ilibidi waondoe kizazi. Mkwe alichuchumaa pale pale kwenye korido, mikono kichwani. Mama Tatu alibaki amesimama kwa sababu hakukumbuka jinsi ya kukaa.

Asubuhi alikamua kama kawaida, akawachemshia watu ya kwao, mara tatu, akaenda hospitali na kikapu. Mwili una mazoea yake; ndani ya kikapu ilikuwamo chupa nyekundu.

Binti alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, mweupe midomo, homa bado iko juu. Pembeni alikuwa amesimama daktari, mwanamke wa makamo mwenye kalamu sikioni, akiuliza maswali na kuandika. Homa hizi tangu lini? Mimba ngapi zimeharibika? Unaishi karibu na mifugo?

"Mama anafuga," binti alijibu kwa sauti ya chini.

"Unakunywa maziwa mabichi?"

Hapo binti aligeuza kichwa, akamwona mama yake mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu jana kitu kama tabasamu kikapita usoni mwake.

"Daktari, mama yangu ndiye huyu. Huyachemsha mpaka yapande mara tatu. Uliza mji mzima. Maziwa ya mama yangu hayana neno."

Daktari alitikisa kichwa kukubali, akateremsha kalamu kuandika. Mama Tatu aliiona ile kalamu. Angeweza kunyamaza tu. Hakuna duniani aliyejua ila yeye na chupa. Jina lake lingebaki zima, binti angeendelea kumtazama hivyo anavyomtazama sasa, na homa ingepewa jina jingine la bandia, na jingine baada ya hilo, mpaka immalize. Alisogea mpaka kitandani.

"Futa," alisema.

"Nifute nini, mama?"

"Ulichoandika hapo. Futa." Akatoa chupa kikapuni, akaiweka juu ya kabati dogo la mgonjwa. "Haya hayakuchemshwa. Ya wateja ndiyo huchemshwa. Haya ya kwake nilikuwa namletea mabichi, yakitoka tu kwa ng'ombe, ili yawe na nguvu. Na ng'ombe wangu wawili wametupa."

Daktari alifungua uzi, akafungua kifuniko, akanusa, akafunga. Hakumpigia kelele, laiti angempigia. Aliuliza kwa upole tangu lini, na Mama Tatu akasema tangu aachishwe ziwa, lakini huyu ng'ombe mwekundu ni wa tangu harusi. Daktari akafuta, akaandika upya, akatoka haraka kutafuta watu wa maabara.

Wakabaki wawili. Binti alikuwa akiitazama chupa, lile ua la ubavuni, kwa muda mrefu.

"Wateja wako wote walikuwa wanakunywa yaliyochemshwa?"

"Wote, mwanangu."

"Hata mwalimu?"

"Hata mwalimu."

Binti akafumba macho. "Laiti ningekuwa mteja," akasema, akageukia ukutani.

Majibu yalitoka wiki ile, ya ng'ombe na ya watu. Mkwe na Kidoti walikuwa nao ugonjwa, Bikizee hakuwa nao. Binti alikuwa nao. Mama naye alikuwa nao, kwa ile mikono mitupu, na magoti ya uzee yakapata jina lake halisi. Mabuti na daktari wa kalamu sikioni walikutana kwa mara ya kwanza jikoni kwa Mama Tatu, ingawa kwa miaka minne ofisi zao zilikuwa zimetenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Walipeana mikono. Mabuti alirudia mara mbili kwamba angeuliza tu, angeuliza una binti, binti anaishi wapi, anakunywa nini. Macho yake yalikuwa mekundu, na Mama Tatu ndiye aliyemsogezea kigoda, akamwambia, "Kaa, mwanangu. Wewe uliuliza."

Alimwuliza daktari swali moja: zote tatu ni mimi?

"Ya mwisho, ndiyo, nina hakika," alisema daktari. "Hizo mbili za mwanzo siwezi kuapa, mama. Mimba huharibika kwa mengi." Alidhani anampa nafuu. Alimpa kitu cha kugeuza na kugeuza kila alipolala.

Wateja walipimwa pia, wote, kwa foleni, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na ugonjwa. Bwana afya wa sasa, mwenye tumbo na nia njema, alisema mbele ya watu pale kichochoroni kwamba jambo hili ni ushahidi wa faida ya kuchemsha, na kwamba mama huyu ameuokoa mtaa. Watu wakapiga makofi. Mama Tatu aliingia ndani, akafunga dirisha. Hata hilo jina, lililokuwa fahari yake, sasa kila likiitwa lilimhesabia. Mwalimu mstaafu peke yake ndiye hakupiga makofi. Asubuhi iliyofuata alipokea maziwa yake, akashindwa kupata la kuchokoza, akasema tu, "Pole, dada yangu," akaondoka polepole.

Siku ya kuchukuliwa ng'ombe wawili wagonjwa kwenda kuchinjwa lilikuja lori. Kidoti alipanda. Mkwe alikataa, akapiga teke ubao, na dereva akauliza kwa sauti, "Huyu Mkwe anatoka au hatoki?" Fundi wa kuchomelea alikuwepo, alikuja kusaidia kamba. Aliitika kwa mazoea, kisha akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Dawa zilikuwa za wiki sita, vidonge vya aina mbili, na kimoja kiligeuza mkojo ukawa wa rangi ya machungwa. Mama na binti walizimeza kwa saa ile ile, kila mmoja nyumbani kwake. Mkwe ndiye aliyekuwa akileta habari: amekula, homa imeshuka, ameanza kushona mapazia. Mapazia tu, aliongeza, nguo za watoto anazirudisha kwa wenyewe. Kuhusu mtoto wa meza na vijigauni vinne mama hakuthubutu kuuliza. Kila asubuhi, dirisha likishafungwa, alijitanda kanga na kutembea mpaka dukani pa kona, mikono mitupu, akasimama pale ambapo sauti ya cherehani inasikika. Ikisikika, alirudi. Binti hakumfukuza wala kumtukana. Alikuwa amesema tu, kupitia mumewe, kwamba anaomba apumzike. Mchana Mama Tatu alikaa jikoni mbele ya sufuria tupu. Watu husema majuto ni mjukuu. Huyo ndiye mjukuu aliyempata, na alimlea peke yake.

Wiki ya sita ikaisha. Siku chache baadaye, asubuhi, maziwa ya Bikizee yalikuwa yamepanda mara ya tatu, naye akafungua dirisha. "Haya, leteni vyombo," alisema, sauti bila chumvi. Akampimia mwalimu. Akampimia mwenye duka la kona. Akanyoosha mkono kupokea chombo kinachofuata, akainua macho.

Binti yake alikuwa amesimama katikati ya foleni, amekonda, na chombo kidogo cheupe cha plastiki mkononi. Mwanamke wa mbele yake alikuwa akimpisha.

"Pita, mwanangu, hii si nyumba yenu? Pita ndani."

"Hapana, shangazi," binti alisema. "Nangoja zamu yangu."

Akangoja. Mama Tatu aliwapimia watu wanne waliokuwa mbele yake, na wote wanne walipata pungufu au zaidi, maana macho yake hayakuwa kwenye kipimo. Kisha dirishani akabaki binti. Walitazamana. Hapakuwa na mlango kati yao, ni kizingiti tu cha dirisha, na mvuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akashika kipimo. "Nikupimie kiasi gani?"

Binti aliinamia dirishani, akaitazama sufuria, alama tatu za povu zilizokaukia ukingoni, moja juu ya nyingine. Akasukuma chombo mbele.

"Kama wengine, mama."

Mama Tatu akachota, akamimina, akaongeza tone la nyongeza. Mkono ulitaka kuongeza tena, ulitaka kuimimina sufuria yote. Akauzuia, akafunika chombo, akampa kama wengine.